Hita ya gesi inayojiwasha: Hesabu na hatari zake kwa mlea vifaranga wa Mkuu

Mfugaji wa kuku aliyeko Mkuu, wilayani Rombo, ana gharama moja ambayo mwenzake wa Dar es Salaam haimsumbui sana, nayo ni joto. Kila ukipanda mita 1,000 mlimani hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6, na kati ya Juni na Agosti kifaranga wa siku moja, anayehitaji nyuzi 32 hadi 35, hawezi kuvuka usiku bila moto.

Moto huo kwa miaka mingi umekuwa wa jiko la mkaa, taa ya chemli au balbu. Sasa mitungi ya gesi imeenea, na mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia. Je, hita ya gesi ya bandani inaweza kujiwasha na kujipunguza yenyewe mfugaji akiwa amelala? Inaweza. Huko Marekani watu huwasha hivyo meko ya gesi ya sebuleni, kwa kompyuta ndogo ya nyumba na swichi iitwayo rilei.

Rilei ni swichi inayosukumwa na sumaku ya umeme. Kidhibiti joto kikihisi banda limepoa hupeleka umeme mdogo kwenye rilei, nayo hufunga njia ya waya nyingine isiyogusana kabisa na ile ya kwanza. Hapo ndipo fundi asiyezoea gesi anapoharibu. Hita nyingi za aina hii zina vali inayoendeshwa na umeme usiofikia volti 1, unaozalishwa na joto la moto mdogo wa kuwashia. Rilei inatakiwa kuunganisha nyaya mbili za vali hiyo tu, basi. Ukiingiza humo volti 230 za TANESCO, vali umeiua.

Kosa kubwa zaidi ni kununua vali ya umeme na kuifunga katikati ya mpira wa gesi. Ikijifunga, moto wote unazimika. Ikifunguka tena, gesi inamwagika bila moto. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, hivyo hutulia chini kwenye maranda, walipo vifaranga, ikingoja cheche. Kwa hiyo hita inayofaa ni ile ambayo moto mdogo hubaki unawaka muda wote, rilei ikitawala moto mkubwa peke yake, na yenye kihisio kinachokata gesi yote moto mdogo ukizimika. Kihisio hicho kisirukwe kwa waya hata kama kinasumbua. Wapo mafundi wanaokiruka.

Sasa tuje kwenye hesabu. Tuseme una vifaranga 300 na hita ya kilowati 2. Kilo moja ya gesi hutoa joto linalolingana na uniti 13 hivi za umeme, kwa hiyo hita hiyo ikiwaka saa 24 hula karibu kilo 3.75, na kwa wiki tatu kilo 79, yaani mitungi mitano ya kilo 15 na ziada. Wiki ya kwanza hakuna cha kuokoa usiku. Nafuu huja mchana, na kadiri joto linavyoshushwa nyuzi 2 au 3 kila wiki. Tukikadiria theluthi moja, ni kilo 26. Toa kilo 8 za moto mdogo, tukiuhesabu kuwa wa wati 200. Zinabaki kilo 18 kwa kundi. Zizidishe kwa bei ya kilo dukani kwako na kwa idadi ya makundi unayolea kwa mwaka, kisha ulinganishe na gharama ya kidhibiti, rilei na fundi. (Gesi hii si ile ya Songo Songo. Huja kwa meli kutoka nje, hivyo bei yake hupanda na kushuka na soko la dunia.)

Kwa maoni yangu, mwenye vifaranga 50 aachane na mambo haya na atumie kinengunengu. Faida huanza pale ambapo kundi moja likifa usiku mmoja, mkopo unabaki bila wa kuulipa.

Na umeme ukikatika? Kidhibiti cha volti 12 kinachotumia wati 2 kitakula wati-saa 24 kwa usiku wa saa 12, na betri ndogo ya ampea-saa 7, yenye wati-saa 84, inamudu. Vali ya umeme ya wati 10, hata ikifanya kazi nusu ya muda, ikijumlishwa na kidhibiti itaimaliza betri hiyo kabla hakujapambazuka. Hiyo ni sababu nyingine ya kuchagua hita yenye vali inayojitegemea.

Kihisio cha joto kikae usawa wa mgongo wa kifaranga, kama sentimita 5 juu ya maranda, pembeni mwa duara na si chini ya moto. Weka hita iwake kwenye nyuzi 31 na ipungue kwenye 33, isije ikawaka na kuzima kila dakika. Mtungi ukae nje ya banda, maungio yapimwe kwa povu la sabuni, na matundu ya hewa ya juu na ya chini yasizibwe magunia hata Julai, kwani moto uliokosa hewa hutoa sumu isiyo na harufu. Kisha angalia vifaranga wenyewe: wakirundikana chini ya hita wanaona baridi, wakikimbilia ukutani huku wakihema wamezidiwa na joto, kidhibiti kiandike namba yoyote kinayotaka.