Kikohozi Kisichosikia Dawa

Kikohozi kikipita wiki mbili sisi sote husema, "Ni TB tu," na wakati mwingine ni kweli. Lakini wako wanaomeza vidonge vya TB miezi na miezi bila nafuu, wakikonda na kutema damu, kumbe ni saratani ya mapafu. Chanzo chake kikubwa ni sigara. Moshi wa kuni jikoni nao umo. Haiambukizi, kwa hivyo kumtengea mgonjwa kikombe ni kumwonea bure. Huenea ndani ya mwili wake: ini, mifupa, ubongo. Ikigunduliwa kabla ya hapo, uvimbe huweza kukatwa. Baadaye hubaki mionzi na dawa za kupunguza maumivu na kuongeza siku. Tukiona vidonge havisaidii, tusiviache wenyewe. Turudi hospitali tuombe eksirei ya kifua. Isingoje mavuno.