Altamagneti: Mpangilio wa Tatu wa Sumaku katika Maada Mango

Kwa muda mrefu, fizikia ya maada mango imetambua mipangilio miwili mikuu ya sumaku. Katika feromagneti, kama chuma, spini za atomi huelekea upande mmoja. Katika antiferomagneti, zilizofafanuliwa na Louis Néel katika miaka ya 1930, spini jirani hukabiliana na kufutana, hivyo jumla ya usumaku ni sifuri. Mwaka 2022, Libor Šmejkal, Jairo Sinova na Tomas Jungwirth walipendekeza kundi la tatu, yaani altamagneti.

Tofauti ya makundi haya imo katika ulinganifu. Katika mwalo wa Kibirizi, Kigoma, wavuvi wa dagaa huunganisha mitumbwi miwili kwa miti ili ibebe wavu na taa. Ichukuliwe kwamba kila mtumbwi ni mazingira ya atomi na mvuvi aliyemo ni spini: mmoja anatazama Kongo, mwingine anatazama Kigoma. Mitumbwi ikiwa sambamba, kuusogeza mmoja kunatosha kuufikisha mahali pa mwenzake. Hiyo ni antiferomagneti. Lakini mtumbwi wa pili ukikingama, kusogeza hakutoshi. Ni lazima ugeuzwe. Hiyo ndiyo altamagneti. Upepo wa ziwa hauipigi kwa namna moja mitumbwi iliyokingamana. Vivyo hivyo, elektroni inayosafiri katika baadhi ya mielekeo ya fuwele huwa na nishati inayotegemea spini yake, ijapokuwa jumla ya usumaku inabaki sifuri.

Sifa hiyo inavutia watafiti wa vifaa vya kuhifadhia data, kwa kuwa spini inaweza kusomwa pasipo kipande kimoja kuvuruga jirani yake kwa uga wa sumaku.

Mwaka 2024, vipimo vya fotoelektroni vilionesha mgawanyiko huo wa nishati katika teluridi ya manganizi. Kwa upande mwingine, oksidi ya ruteni, iliyosifiwa mapema kuwa kielelezo cha kundi hili, imezua mjadala: vipimo vya muoni na nyutroni havikubaini mpangilio wa sumaku uliotarajiwa. Hivyo basi, ulinganifu wa fuwele pekee hauthibitishi altamagneti. Ni sharti kwanza ithibitike kwamba spini zenyewe zimejipanga.