Je, Wajua? Pedeli ya Mafuta Ina Sensa Mbili

Dereva anayetoka Kikwe kwenda Usa River na gari la miaka ya karibuni, akikanyaga mafuta, mguu wake hauvuti waya wowote. Pedeli hupeleka taarifa kwa umeme kwenye kompyuta, ile ambayo mafundi huiita kontroli boksi, nayo ndiyo inayoamua injini ipate hewa kiasi gani. Pedeli hiyo ina sensa mbili zinazopima kitu kilekile. Zikitofautiana, kompyuta haiamini hata moja: taa ya injini inawaka, nguvu zinapungua, gari linajikokota. Wengi hudhani limekufa, kumbe linajihami. Fundi anayefuta taa hiyo kwa mashine bila kutafuta sensa mbovu amemnyamazisha shahidi tu.

Je, wajua kwamba Boeing 737 MAX ilikosa tahadhari hiyo? Mfumo wake wa MCAS, wa kushusha pua ya ndege inapoinuka mno, ulisikiliza sensa moja tu, ingawa ndege ilikuwa nazo mbili. Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya aina hiyo ya Ethiopian Airlines iliruka kutoka Addis Ababa kwenda Nairobi, na sensa ya kushoto ikatoa vipimo vya uongo. Kompyuta ikasukuma pua chini tena na tena, marubani wakiivuta juu. Dakika 6 baada ya kuruka, ilianguka karibu na Bishoftu. Wote 157 walikufa, 32 kati yao Wakenya. Oktoba 2018 ndege ya Lion Air ilikuwa imeanguka Indonesia kwa namna hiyohiyo, na marubani wake hawakuwa hata wameambiwa kwamba mfumo huo upo! Leo MCAS hulinganisha sensa zote mbili.

Hata kwenye magari kompyuta hukosea: mwaka 2014 Toyota iliita magari yake ya Prius yapatayo milioni 1.9 yarekebishwe programu, kwani gari liliweza kuzimika njiani. Zaidi ya nusu yalikuwa Japani, tunakoagiza magari yetu mengi yaliyotumika. Barua ya wito humfuata mmiliki aliyesajiliwa kule, si aliyelinunua Arusha.

Ndiyo maana baadhi ya madereva wa utalii huapa kwa Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, ambayo pampu yake ya dizeli haihitaji kompyuta. Sawa, ila magari hayo mengi ya zamani hayana ABS. Hiyo nayo ni kompyuta: husoma kasi ya magurudumu na kuachia breki mara nyingi kwa sekunde tairi lisiburuzike, kazi ambayo mguu wa dereva hauiwezi.