Njia Hii Ilichimbwa na Nani?

Wazazi wengi wa Pwani wana vijana wanaosoma Nyeri na miji mingine iliyouzunguka Mlima Kenya. Huenda usiku mmoja kijana akapiga simu: "Mama, nimepewa kazi ya kuandika historia ya njia za mji huu. Nianzie wapi?" Tusimjibu kwamba hayo ni ya mwalimu wake. Mzazi naye ana la kumfunza.

Kwanza, achague kitu kimoja, kwa mfano reli. Ile iliyoanza kujengwa kwetu Mombasa mwaka 1896 ilifika Nairobi mwaka 1899. Tawi lake lilifika Thika mwaka 1913, kisha likapanda kupitia Sagana na Karatina hata Nanyuki, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Ama mji wa Nyeri, uliochipuka penye ngome ya Waingereza ya mwaka 1902, haukupitiwa. Stesheni iliwekwa Kiganjo, kilomita kadhaa nje ya mji. Basi na aulize: reli hii ilikusudiwa kumhudumia nani, mkulima mwenyeji au walowezi wenye mashamba Nanyuki?

Pili, aende penye maandishi. Nyaraka za Taifa, Nairobi, zimehifadhi ripoti za kila mwaka za wilaya, na Makumbusho ya Reli yako mji uo huo. Humo atapata tarehe, amri na gharama. Lakini ripoti hizo ziliandikwa na watawala. Aliyetoa amri hutajwa kwa jina na cheo. Aliyeshika jembe ni nadra kutajwa.

Hapo ndipo penye haja ya kina nyanya. Wakati wa Hali ya Hatari, 1952 hadi 1960, wanawake wa nchi ya Mlima Kenya walikusanywa katika vijiji vyenye ulinzi, wakalazimishwa kufanya kazi bila ujira: kuchimba handaki kando ya misitu na kufungua barabara. Wasichana wa siku zile leo wamepita miaka themanini. Kila anayezikwa huondoka na ushahidi usioandikwa popote.

Tatu, tumfunze adabu ya kuuliza. Asiingie na daftari mkononi kama karani wa kodi. Aamkie, aketi, amwite cucu kama wajukuu wa Kikuyu wamwitavyo nyanya yao. Asimwulize mwaka, amwulize walikula nini siku ile, na watoto waliachiwa nani. Akinyamaza, asimshike kwa maswali, kwani yapo machungu yasiyosemeka. Kisha alinganishe maneno yake na ya mwingine, na yote mawili na ripoti, aandike kila neno limetoka kwa nani. Wanafunzi wa madrasa wanaijua kazi hii: ni isnadi.

Kijana akipiga simu tena, tusimwulize amejaza kurasa ngapi. Tumwulize ameketi na nani.