Kwa nini maneno mengi ya Kiingereza yanaishia na E isiyosomwa?

Juzi, baada ya kipindi cha asubuhi, nilikuta ujumbe kwenye simu ya studio kutoka kwa bibi mmoja anayetusikiliza. Aliandika hivi: "Mwanangu mtangazaji, mjukuu wangu ameanza kidato cha kwanza. Kapewa kazi ya nyumbani, aandike maneno kumi ya Kiingereza yenye herufi tano, yote yaishie na E. Kaandika manne kakwama. Sasa ananiuliza hiyo E mbona haisomwi. Nimjibu nini?"

Shikamoo bibi. Swali lako limenigusa, kwa sababu E hiyohiyo iliwahi kunifunga mdomo.

Nilikuwa kidato cha kwanza, somo la kilimo cha mazao. Mwalimu akanisimamisha nisome kitabu kwa sauti. Nikafika kwenye neno "maize", nikalisoma kama nilivyofundishwa kusoma tangu darasa la kwanza: ma-i-ze. Darasa zima likaangua kicheko, na mwalimu naye akacheka. Mahindi nilikuwa nayajua kuliko wengi wao, maana nilikuwa nimeyapalilia hadi wiki moja kabla ya shule kufunguliwa. Lakini muhula mzima sikunyoosha mkono tena.

Mtoto anayesoma hivyo si mjinga. Anafuata sheria ya lugha yake. Kwenye Kiswahili kila irabu iliyoandikwa inasomwa. Chukua ndege, pembe, mbele: yote yana herufi tano, yote yanaishia na e, na kila e inasikika. Tuna irabu tano na sauti tano, basi. Kiingereza kina herufi zilezile a, e, i, o, u, lakini sauti za irabu zinazotoka mdomoni, kwa matamshi ya Uingereza, zinafika kama 20. Herufi hazitoshi. Ndiyo maana E ya mwisho ikapewa kazi nyingine: haisomwi yenyewe, inamwelekeza msomaji jinsi ya kusoma herufi zilizotangulia.

Zamani ilikuwa inasomwa. Enzi za mshairi Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, maneno mengi ya Kiingereza yalikuwa bado na sauti hafifu ya e mwishoni. Baadaye sauti ikapotea midomoni mwa watu, herufi ikabaki kwenye karatasi. Mwaka 1582 mwalimu mkuu mmoja wa London, Richard Mulcaster, alichapisha kitabu kuhusu kuandika Kiingereza, na humo akaeleza kazi ya E hii isiyosikika. Kwa hiyo mjukuu wako anauliza jambo ambalo Waingereza wenyewe walihitaji kuelezwa.

Kazi yake kubwa ni kubadilisha irabu iliyo kabla yake. "Plan" ni mpango. Ongeza E upate "plane", ndege ya kuruka, na sasa inasomwa "plein". "Spin" ni kuzunguka, lakini "spine" ni uti wa mgongo, inasomwa "spain". "Slid" inageuka "slide", nasi tumeichukua hivyohivyo tukasema slaidi. Mwambie mtoto afunike E kwa kidole, asome, kisha aifunue asome tena. Sisi tungefundishwa hivyo tungepona aibu nyingi.

Kazi ya pili ni kulainisha C na G. Kwenye "dance", "price" na "juice", bila ile E msomaji angesoma C kama K. Kwenye "large", E inaifanya G isikike kama J.

Ya tatu wengi hawaijui hata waliomaliza shule. S ikiwa mwishoni mwa neno la Kiingereza, mara nyingi maana yake ni vitu vingi. Ili neno lisidhaniwe la wingi, huwekwa E baada ya S: "nurse", "horse", "house". "Tens" ni makumi. "Tense" ni lile somo la nyakati za vitenzi linalowatoa wanafunzi jasho.

Halafu kuna V. Kwa kawaida Kiingereza hakikubali neno limalizike na V. Zamani U na V ziliandikwa kama herufi moja, hivyo waandishi wakaweka E nyuma yake ili ijulikane kwamba hapo ni V. Ndiyo maana E inayofuata V usiiamini sana kuhusu irabu. "Drove" inasomwa "drouv", lakini "glove" inasomwa "glav". Hapo hakuna njia ya mkato, ni kukariri.

Zipo pia E chache zinazosomwa, kama kwenye "three" na "maybe", ila zinasikika kama i yetu.

Msikilizaji, angalia wazee wetu walivyoyachukua maneno haya. Brake ikawa breki, nurse ikawa nesi, juice ikawa juisi, dance ikawa dansi, glove ikawa glavu. Yote kwa Kiingereza yana herufi tano na yanaishia na E, lakini hatukusema "nuruse" wala "glove" ya kusoma kila herufi. Waliyachukua kwa sikio, si kwa kitabu. Walisikia neno limeishia na konsonanti, na kwa kuwa Kiswahili kinataka irabu mwishoni, wakaweka i. Baada ya v, inayotamkwa kwa mdomo, wakaweka u.

Kama simu ya nyumbani ina bando, mtoto anaweza kufanya mazoezi kwa mchezo uitwao Wordle. Uliundwa na Josh Wardle, ukasambaa mwaka 2021, na mwaka 2022 gazeti la New York Times likaununua. Kila siku unatafuta neno moja la Kiingereza la herufi tano, na una majaribio sita. Katika orodha ya kwanza ya majibu yake, maneno kama 2,300, zaidi ya 400 yaliishia na E. Hakuna herufi nyingine iliyoifikia. Ya pili ilikuwa Y, kama kwenye "happy" na "money". Lililoishia na V halikuwepo hata moja.

Sasa nirudi kwenye "maize" yangu. Neno hili Waingereza walilipata kwa Wahispania, wanaosema "maíz", wakizitamka a na i zote mbili. Wahispania nao walilisikia kwa Wataino, wenyeji wa visiwa vya Karibiani, ambako mahindi yalikuwa yakilimwa kabla ya Wazungu kufika. Kwa hiyo siku ile nilipochekwa, kusoma kwangu kulikuwa karibu zaidi na wenye neno lao kuliko kulivyokuwa kusoma kwa mwalimu. Ningejua hivyo wakati ule, sijui kama ningethubutu kusema.

Bibi, haya maneno sita ya kukamilisha kazi, na mjukuu atafute maana zake mwenyewe: plane, nurse, price, glove, large, maize.

Jana jioni bibi alinijibu. Mtoto alikuwa ameshapeleka daftari kabla ujumbe wangu haujafika, akiwa na maneno kumi kamili. Tisa yalipata. La kumi aliandika "sembe".