Anayesomea nyumbani naye afunge shule kwa shangwe

Siku ya kufunga shule, watoto wa ploti wanarudi na ripoti mkononi, wengine na zawadi. Mdogo wako anayesomea nyumbani anawatazama tu dirishani. Kwake hakuna kengele wala paredi. Kesho ni hesabu, kama jana.

Wewe kaka au dada mkubwa unaweza kubadilisha hilo. Shule zetu hufunga mara 3 kwa mwaka. Siku hizo hizo bandikeni kazi zake sebuleni, tarehe chini, majirani waitwe waone. Lakini usingoje mpaka muhula uishe. Akimaliza kitabu kizima peke yake, mpigie nyanya simu asomewe ukurasa mmoja. Nyanya akicheka panapochekesha, mtoto huyo hatalala! Akishika jedwali la kuzidisha kwa 7, yeye ndiye achague chakula cha jioni. Akitaka chapati, wewe ndiye utakayekanda unga. Hakuna kuhepa.

Keki si lazima, mfuko wenyewe unaujua.

Ila usimtishe eti akikosea hakuna chapati. Wiki ambayo kugawanya kumemlemea na bado akarudia mara ya nne, hiyo pia kandia unga.