Usaili wa kazi usiwe ukuta kwa vijana wetu wenye usonji

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Aliyewaumba waja Wake wakiwa na ndimi tofauti na tabia tofauti. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Masahaba zake wote.

Ndugu msomaji, hebu tumfikirie kijana wa miaka 21 aliyeitwa kwenye usaili wa kazi ya kutunza ghala. Nyumbani kwao anafahamika kwa uangalifu wake: hukumbuka bei ya kila bidhaa katika duka la baba yake, na mzigo ukipungua hata katoni moja, yeye ndiye wa kwanza kugundua. Anaingia ofisini, anaketi, anatazama meza. Anaambiwa, “Tueleze habari zako.” Ananyamaza, kwani hajui ni habari ipi katika maisha yake yote inayotakiwa. Anaulizwa ana udhaifu gani, naye anautaja wote, mmoja baada ya mwingine, bila ya kuficha. Baada ya dakika kumi anashukuriwa na kuambiwa kwamba atapigiwa simu. Simu haipigwi.

Kijana huyu ni wa mfano tu, lakini wazazi wanaolea watoto wenye usonji watamtambua mara moja. Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoanza tangu utotoni, nayo hugusa namna mtu anavyowasiliana na wenzake na anavyopokea sauti, mwanga na mabadiliko ya ghafla. Si maradhi ya kuambukiza wala si matokeo ya malezi mabaya. Wapo wenye usonji wasiozungumza kabisa na wanaohitaji uangalizi maisha yao yote. Na wapo waliofika vyuo vikuu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 katika kila watu 127 duniani alikuwa na hali hii.

Kwa wale wanaoweza kufanya kazi, kikwazo mara nyingi si kazi yenyewe bali ni mlango wa kuingilia. Nchini Uingereza, ripoti iliyoongozwa na Sir Robert Buckland na kutolewa mwaka 2024 ilionyesha kuwa ni takriban watu 3 tu katika kila 10 wenye usonji walio katika umri wa kufanya kazi ndio wenye ajira. Miongoni mwa vikwazo vilivyotajwa ni matangazo ya kazi yasiyoeleweka na maswali ya usaili yenye utata. Ikiwa hali ni hiyo katika nchi yenye uwezo, sisi tuna sababu kubwa zaidi ya kulitazama jambo hili.

Mazoezi mbele ya kompyuta

Nchini Marekani, mtafiti Matthew J. Smith na wenzake wamelishughulikia tatizo hili kwa miaka mingi. Walitumia programu ya kompyuta ambayo ndani yake mna mwajiri wa kuigiza, mwanamke aitwaye Molly Porter. Kijana huketi mbele ya kioo cha kompyuta, Molly humuuliza swali, naye huchagua jibu na kulitamka kwa sauti yake mwenyewe. Pembeni yuko mkufunzi anayeonyesha kama jibu limefaa au halikufaa. Mwisho wa usaili kijana hupewa alama na kuelezwa alipokosea, kisha huanza tena. Kuna ngazi tatu: katika ya kwanza Molly ni mpole, na katika ya mwisho ni mkali.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, watu wazima 26 wenye usonji walishiriki. 16 walipewa mafunzo hayo na 10 hawakupewa. Waliofunzwa waliendelea vizuri zaidi katika usaili wa majaribio. Taarifa ya mwaka 2015, iliyowafuatilia baada ya miezi sita, ilionyesha kuwa waliofunzwa walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kupata kazi au nafasi ya kujitolea. Baadaye programu hiyo ilirekebishwa kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari, na matokeo ya majaribio yaliyohusisha vijana 71 yalichapishwa mwaka 2021. Idadi hizi si kubwa, wala hatudai kwamba kompyuta ni dawa ya kila kitu. Lakini mafunzo yaliyomo yanaeleweka: Molly hachoki, hacheki, wala hamsimulii jirani. Kijana anaweza kukosea mara ishirini bila ya kuaibika.

Sisi Waislamu hatuna haja ya kuistaajabia njia hii, kwani tumekua nayo madrasa. Mtoto husoma mbele ya ustadhi, husahihishwa herufi, hurudia, husahihishwa tena, mpaka ulimi ukazoea. Hakuna aliyehifadhi juzuu kwa kusikia mara moja.

Mafunzo kutoka kwa Manabii

Qur'an Tukufu inatupa mifano miwili ya namna mtu anavyopata kazi. Katika Sura Yusuf, aya ya 55, Nabii Yusuf (A.S.) mbele ya mfalme wa Misri aliomba akabidhiwe hazina za nchi, akataja sifa mbili zinazoifaa kazi hiyo: utunzaji na ujuzi. Hakujisifu kwa kiburi wala hakuongeza lisilokuwepo. Huyo ndiye msailiwa mwenye ufasaha.

Mfano wa pili ni wa Nabii Musa (A.S.) katika mji wa Madyan. Yeye hakujieleza. Aliwanyweshea maji mifugo mabinti wawili, kisha akarudi kivulini. Mmoja wa mabinti hao ndiye aliyemshauri baba yake amwajiri, kwa hoja kwamba mwajiriwa bora ni mwenye nguvu na mwaminifu, kama ilivyo katika Sura Al-Qasas, aya ya 26. Musa aliajiriwa kwa kile alichoonekana akikifanya. Na ni Musa huyu huyu ambaye baadaye alimwomba Mola wake amfungulie fundo la ulimi, na ampe nduguye Harun awe msaidizi wake. Basi kuomba msaada katika kusema si aibu. Mtume mtukufu aliuomba, naye akapewa.

Tunachojifunza ni kwamba njia zote mbili ni halali na zina heshima. Kijana tumfundishe ya Yusuf kadiri awezavyo, na mwajiri tumkumbushe ya Madyan.

Tuanzie nyumbani

Familia isiyo na programu hiyo inaweza kuanza na meza, viti viwili na simu ya kurekodi picha. Ami au mjomba avae koti, agonge mlango, aulize maswali kumi yale yale yanayozoeleka. Kisha wakae na kijana waitazame picha pamoja, wakianza na alilofanya vyema. Kesho warudie, na kesho kutwa abadilishwe muulizaji, ili kijana asizoee uso mmoja tu. Na asiwepo wa kucheka, kwani Sura Al-Hujurat, aya ya 11, imetukataza kudharauliana.

Liko pia jambo la macho. Katika nyumba zetu, kijana anayeinamisha macho mbele ya mkubwa husifiwa kwa adabu. Katika ofisi nyingi, huyo huyo hudhaniwa kuwa anaficha kitu. Kijana mwenye usonji huenda akaona uzito kumtazama mtu machoni huku akifikiri jibu. Badala ya kumlazimisha mpaka aumie, afundishwe kusema kwa upole, “Nasikiliza vizuri zaidi nisipomtazama mtu.”

Na kuhusu ukweli, wazazi wasimfundishe uongo. Akiulizwa udhaifu wake, ajibu: “Nikipewa maagizo mengi kwa mdomo nachanganyikiwa, lakini nikiandikiwa nayatimiza yote.” Jibu hilo ni la kweli, ni fupi, na linamwonyesha mwajiri namna ya kunufaika naye.

Wajibu wa mwajiri

Hata hivyo, tusimtwishe kijana mzigo wote. Kumtaka aigize tabia isiyo yake kila siku ni kumchosha. Nchini Tanzania, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kwamba angalau asilimia 3 ni watu wenye ulemavu. Mfanyabiashara Mwislamu asiingoje sheria imsukume. Anaweza kumpelekea kijana maswali siku moja kabla, kumsaili mahali penye utulivu, au kumpa kazi ya siku mbili ghalani na kumpima kwa anachokifanya.

Wazazi wengi wa watoto hawa hulala na swali moja: “Nikifa, nani atakuwa naye?” Wengine, kwa kuhofia maneno ya watu, humficha mtoto ndani, na kwa kumficha wanamnyima hata wale ambao wangeweza kumfahamu na kumpa kazi. Tumtoe. Aende msikitini, asimame dukani, azoee watu nao wamzoee. Siku atakapogonga mlango wa ofisi, isiwe ndiyo mara yake ya kwanza kuulizwa swali na mtu asiyemjua.

Tunamwomba Allah (S.W.) awafungulie vijana wetu milango ya riziki ya halali, azilainishe nyoyo za waajiri, na awape wazazi subira yenye matendo. Amin.